Barua na Sanduku kutoka Mto Tana

Ikiwa umepata kufika Tarasaa, msomaji, wajua jinsi bonde la Mto Tana lilivyotandaa chini yake, lenye mashamba ya mpunga na miembe, na jinsi maji ya mafuriko yanavyolifunika yajapo. Pembezoni mwa mto huo, ukielekea kaskazini kupita Garsen, ipo misitu myembamba iliyofuata kingo za maji. Ndani yake wanakaa nyani wa namna mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Nataka nikusimulie jinsi wanyama hao walivyopata majina wanayojulikana kwayo katika vitabu vya elimu, kwa maana habari hiyo ni habari ya barua.

Katika karne ya 18 na ya 19 elimu ya viumbe ilikwenda kwa barua kuliko kwa miguu. Linnaeus wa Uswidi, aliyefariki mwaka 1778, hakukanyaga Afrika wala Uhindi. Wanafunzi wake ndio waliosafiri, naye akakaa Uppsala akipokea mbegu, majani makavu na maelezo yao. Darwin naye, baada ya kurudi kutoka safari yake kuu mwaka 1836, hakutoka tena nje ya Uingereza. Lakini barua zinazojulikana leo, alizoandika na alizoandikiwa, zapita 15,000, na wala hakuona haya kumwuliza mfuga njiwa juu ya njiwa wake.

Katika pwani yetu kazi hii ya kuandika na kupeleka iliwaangukia sana waganga. John Kirk alifika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari, akawa akipeleka mimea katika bustani ya Kew. Kima punju wa Unguja, ambaye watu wa kisiwa walimjua tangu zamani, alipewa jina la Kirk huko London mwaka 1868. Miaka kumi baadaye daktari mwingine, Mjerumani aitwaye Gustav Adolf Fischer, alipanda Mto Tana. Fischer alizaliwa mwaka 1848, akaja Unguja mwaka 1876 pamoja na Clemens Denhardt, na mwaka 1878 akaingia katika nchi ya Wapokomo.

Usidhani kwamba kazi yake ilikuwa kuwinda tu. Mnyama akiisha kuuawa, ndipo taabu huanza. Hana budi kuchunwa upesi kabla hajaoza, na ngozi ipakwe dawa yenye sumu ili wadudu wasiile. Katika bonde lenye unyevu kama lile, ngozi isiyokauka vema huota ukungu kwa siku chache. Kisha kila kitu kifungiwe karatasi ndogo yenye mahali, tarehe na jina la aliyekipata. Ngozi isiyo na karatasi hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani, haina thamani kubwa kwa mwenye elimu.

Sanduku zikajazwa, zikashuka mtoni kwa mtumbwi, zikaingia jahazini, na kutoka Unguja zikachukuliwa na meli ya moshi kupitia Aden na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Waya wa simu ulikuwa haujafika Unguja. Ulifika mwaka 1879. Basi lau mtaalamu wa Berlin angetaka kumwuliza Fischer, "Mnyama huyu hula nini?", ingempasa angoje miezi, na huenda jibu lingemkuta amekwisha kuchapa kitabu chake.

Wala hakuna aliyependa kungoja. Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia kuchapwa ndilo linalosimama. Anton Reichenow wa Berlin alipompata shorobo wa kijani mwenye kishungi chekundu kutoka Tana, alimtangaza mwaka uleule wa 1878, akamwita kwa jina la Fischer. Wale nyani wawili walimfikia Wilhelm Peters, mkuu wa jumba la makumbusho ya wanyama mjini humo, naye akawatangaza mwaka 1879. Mbega akamwita *rufomitratus*, maana yake aliyevaa kilemba chekundu. Mangabe akamwita *galeritus*, yaani mwenye kofia. Na pahali walipotoka pakaandikwa: Muniuni kwa mbega, Mitole kwa mangabe.

Hebu yafikiri majina hayo kidogo. Yote mawili yasema juu ya nywele za kichwani. Je, mtu aishiye karibu na msitu angemtambua mangabe kwanza kwa nywele? Nadhani angemtambua kwa ukelele wake, usikikao kabla mnyama hajaonekana, au kwa hasara aliyoitia shambani. Lakini sauti haitiwi sandukuni. Peters hakukosa, aliandika alichokiona juu ya meza yake, na juu ya meza hiyo palikuwa na ngozi na mifupa.

Kuna jambo jingine lisilotiwa sandukuni. Mgeni asiyeujua mto ule asingeweza kupata njia wala mnyama bila wenyeji waliopiga makasia na kumwonyesha misitu. Fischer mwenyewe hakuwasahau kabisa Wapokomo. Aliandika makala juu ya nchi yao na watu wake, ikachapwa na Chama cha Jiografia cha Hamburg. Hata hivyo ile karatasi ndogo ilikuwa na nafasi ya jina moja tu la mtu. Ndiyo maana orodha za wanyama za dunia nzima zinataja Mitole na Muniuni mpaka leo, wala hazimtaji hata mtu mmoja wa huko.

Fischer alifariki Berlin mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 38, muda mfupi baada ya kurudi kutoka safari yake ya mwisho katika bara. Mwaka uliofuata Reichenow akampa jina lake kasuku mdogo wa nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria.

Swali la chakula lilingoja zaidi sana kuliko mwendo wa meli. Ni katika miaka ya 1970 ndipo Katherine Homewood alipokaa misituni akiwafuata mangabe, na Clive Marsh akiwafuata mbega. Ilionekana kwamba mbega hupenda majani machanga, na mangabe hutafuta matunda na mbegu, aghalabu chini ardhini. Mwaka 1976 hifadhi ikatengwa kwa ajili yao. Lakini miti inayowalisha huishi kwa maji ya mto, hasa yale ya mafuriko yanayoingia ardhini, na mwaka 1981 bwawa la Masinga lilikamilika huko juu. Tangu hapo wachunguzi wanauliza ni maji kiasi gani yapasayo kuachwa yashuke ili misitu ile isikauke, na katika swali hilo mzee wa Kipokomo akumbukaye mafuriko ya ujana wake ana mengi ya kuwaambia.