Kitabu Kilichotangulia Lugha Yake: Hawala ya Ousmane Sembène

Katika historia ya utohozi wa filamu, yaani kazi ya kuichukua hadithi iliyoandikwa na kuijenga upya kwa picha na sauti, aghalabu mwandishi huwa mmoja na mwongozaji mwingine, na lawama kwamba kitabu kimeharibiwa humwangukia huyo wa pili. Ousmane Sembène wa Senegal (1923–2007) hakuwa na wa kumsukumia lawama hiyo, kwa kuwa vitabu vilikuwa vyake na filamu pia zilikuwa zake.

Mzaliwa huyo wa Ziguinchor, aliyekuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1956, aliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo Wasenegali wengi wa wakati huo hawakuweza kuisoma, na kulitambua hilo ndiko kulikompeleka Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza utengenezaji wa filamu, umri wake ukikaribia miaka 40. Sinema aliifananisha na shule ya jioni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwaona wazee wakienda ngumbaro ataielewa fikra hiyo upesi.

Filamu yake ya 1966, La Noire de..., ilitokana na hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1962 kuhusu Diouana, mtumishi wa ndani aliyetoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akajiua huko. Hadithi huanza na polisi na maiti, ilhali filamu huanza na meli ikiwasili, kisha huongeza kinyago ambacho msichana huyo anawazawadia waajiri wake, na ambacho kimya chake husema mengi kuliko kurasa kadhaa za maelezo. Hata hivyo filamu ina dosari isiyofichika: mawazo ya Diouana, msichana asiyejua kusoma, husikika kwa Kifaransa fasaha.

Dosari hiyo ilipata dawa katika Mandabi ya 1968, iliyotokana na Le Mandat, riwaya fupi ya 1966. Ibrahima Dieng, mtu asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris, ingawa zilizo zake hasa ni 2,000 tu. Posta wanadai kitambulisho, kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa na picha, kila ofisi inamrudisha kwa nyingine, mpaka jamaa yake mjanja anazikomba fedha zote. Kwa kuwa sehemu ya gharama ilitoka Ufaransa, toleo la Kifaransa lilipigwa sambamba na la Kiwolofu, lakini la Kiwolofu ndilo lililoipa filamu sifa yake. Kitabuni, maneno ya Dieng yamekwisha kutafsiriwa kabla hayajamfikia msomaji; kwenye skrini, Kifaransa kinabaki mahali pake halisi, upande wa pili wa dirisha la karani. Kwa hoja hii kitabu ndicho tafsiri, na filamu ndiyo asili iliyochelewa miaka miwili. Hata jina ni ushahidi: mandabi ni neno la Kifaransa lililolainishwa na ndimi za Wawolofu, kama Waswahili walivyoipokea hawala kutoka Kiarabu.

Tanzania hadithi hiyo ilipata umbo la tatu, pale Amandina Lihamba alipoitohoa kuwa tamthilia ya Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, katika nchi ambayo karani na mteja wake huzungumza lugha moja, na kizuizi kinachobaki dirishani ni makaratasi.