Dhahabu ya Bayi iliyopotelea Montreal

Wadau, niko Digodigo kikazi, na ubishi wa riadha ukianza huku huishia kwa mzaliwa wa Karatu, Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu bastola hadi utepe: 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfukuza, akamkosa.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia Olimpiki ya Montreal, sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Walker akabeba dhahabu kwa 3:39.17. Pigeni hesabu wenyewe! Kususia naunga mkono, ila roho inauma. Moscow 1980 Bayi alipata fedha, tena kwenye kuruka viunzi na maji.