Kisogo cha Dada

Wahenga walisema kwamba mtoto hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyebebwa mgongoni huiona shingo ya mama mbele yake, na aendako mama naye huenda huko huko. Walimu wetu huitumia sana methali hiyo wafundishapo habari za tabia na maadili. Sisi tunaitaja hapa kwa sababu nyingine. Katika vijiji vingi vya nchi yetu, kisogo alichokitazama mtoto tangu umande kukauka hata jua kuchwa hakikuwa cha mama, bali cha dada yake.

Binti huyo aliitwa mlezi, naye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka sita, saba, au kumi. Kazi yake ilianza pale shingo ya mtoto mchanga ilipokwisha kukaza. Mlezi aliinama, mtoto akalazwa mgongoni pake, na mbeleko ikapitishwa juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili, kisha ikafungwa fundo kifuani. Mama alinyonyesha alfajiri, akachukua jembe akaenda. Adhuhuri mlezi alimpeleka mtoto shambani kunyonya, wakarudi tena njia ile ile katika jua. Baina ya hayo palikuwa na uji wa kukoroga, nguo za mtoto za kufua, na kuku wa kufukuzwa penye mahindi yaliyoanikwa. Wenzake walipocheza rede, yeye aliwekwa kando awe mwenye kuhesabu, kwa kuwa mwenye mtoto mgongoni hawezi kuukwepa mpira. Na ikiwa mtoto alianguka au kuungua jikoni, aliyeadhibiwa alikuwa mtoto mwenziwe.

Tusiseme kwamba desturi hii ilikuwa ukatili mtupu. Ndugu walilelewa kwa ndugu, na upendo uliofungwa na mbeleko haukufunguka upesi. Mlezi alijifunza kazi ya nyumba bila ya kitabu, na mtoto hakukosa hata saa moja joto la mwili wa mtu. Nyimbo za kubembelezea watoto, ambazo siku hizi tunazikusanya na kuziita nyimbo za akina mama, zilipita mno katika vinywa vya mabinti hawa. Hapa inatupasa sisi washairi tukiri deni. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake wasia mnamo mwaka 1858. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliwaandikia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Sifa za mama zimejaa katika mashairi yetu hata hazina hesabu. Dada mlezi hatukumpa ubeti.

Desturi ilikuwa ya kale, lakini uzito wake haukuwa mmoja nyakati zote. Katika Tanga kilimo cha mkonge kilianza mwaka 1893, na mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ikaanza kutoza kodi ya nyumba. Mtu asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta kwa kuuza mazao au kuuza nguvu zake. Chini ya utawala wa Kiingereza uliofuata, kipande cha mkonge kilidai siku 30 za kazi kabla ya mtu kupata mshahara wake kamili. Wanaume wakatoka majumbani, wengine wakasafiri mamia ya maili. Shamba la chakula likabaki mikononi mwa mama peke yake, na mzigo uliomshinda mama ukashuka juu ya binti. Vitabu vya uchumi wa ukoloni vimehesabu tani za katani zilizopakiwa bandarini. Migongo ya watoto waliosaidia kuzitoa haikuingia katika daftari.

Sisi tunaoandika maneno haya tulizaliwa mwaka 1970 katika kijiji kimoja cha Muheza. Dada yetu alikuwa na miaka minane, naye alikuwa darasa la pili. Mama alikuwa na shamba la mihogo na mahindi, baba alikuwa kibarua, na bibi alikuwa amekwisha kufariki. Basi dada alitolewa shule ili atulee. Hakuna aliyeona kwamba ametendewa jambo geni, wala yeye hakulia. Alitufunga mgongoni kwa kanga, akazoea kupita nyuma ya darasa lake la zamani wakati wa kuimba hesabu, akiimba nao kutoka nje.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililoamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikayafanya mahudhurio kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Sisi tulikuwa miongoni mwa walioingia mwaka huo wa 1977, tukajazana darasani bila ya madawati ya kutosha. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano. Alijifunza kusoma baadaye, katika darasa la kisomo cha watu wazima.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: siku mabinti walipoingia shule, watoto wachanga walikosa mlezi. Tunakumbuka wasichana waliokuja darasani na wadogo zao mgongoni, na mwalimu akawaketisha karibu na mlango. Vijiji vikaanza kutafuta mahali pa kuwaweka watoto, mara chini ya mwembe, mara katika ofisi ya chama, na mama mmoja akikoroga uji wa wote. Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ilipotungwa mwaka 1981, ilikuwa inakifuata kijiji kwa nyuma.

Mijini tulipata dawa nyingine, nayo haitufurahishi. Tulimleta binti kutoka kijijini, binti wa mtu mwingine, akalale jikoni na kulea watoto wetu wakati sisi tuko ofisini na wanetu wakubwa wako shuleni. Tunamwita dada. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini sheria haibishi hodi kila nyumba. Mwalimu anayesoma ukurasa huu huenda anaye mmoja nyumbani kwake. Awaulize wanafunzi wake ni wangapi wanaye, kisha wamtaje jina, na darasa alilofikia.

Dada yetu yu hai, ana miaka zaidi ya sitini. Tulipomsomea makala haya alisikiliza mpaka mwisho, akatusahihisha jambo moja tu. Mbeleko yetu haikuwa kanga. Ilikuwa kipande cha kaniki ya marehemu bibi, kwani kanga ya mama ilikuwa moja, naye alikuwa ameivaa kwenda nayo shamba.