Kirejeshi si kiunganishi

Kwenye vibanda vya kutuma na kutoa pesa vya Ngarenaro, na popote pengine Arusha, swali moja halikosekani simuni: “Ile hela niliyokutumia imefika?” Anayeuliza hana habari na sarufi, anataka kujua hela yake iko wapi. Lakini neno lake hilo moja, niliyokutumia, linabeba jambo linalowasumbua wanafunzi tangu wanapoanza kidato cha kwanza na masomo kugeuzwa kuwa ya Kiingereza: nomino na kishazi cha nafsi ya kwanza hushikanishwa na nini? Jibu linalotolewa haraka darasani ni kwamba kuna kiunganishi, nacho kwa Kiswahili ni amba-. Naliona jibu hilo kuwa limeazimwa kutoka Kiingereza pamoja na jina lake, na kwamba ndilo linalozaa sentensi nzito na makosa ambayo walimu husahihisha mwaka hadi mwaka. Kinachofanya kazi hapo kinaitwa kirejeshi, na istilahi hiyo inastahili kupewa nafasi yake.

Tulipasue neno lenyewe. Ni- ni mimi niliyetenda, -li- ni wakati uliopita, -yo- ni ile hela, -ku- ni wewe uliyetumiwa, kisha -tumia ni tendo. Badilisha kilichotumwa uone kipi kinatikisika: mzigo niliokutumia, viatu nilivyokutumia, picha nilizokutumia, kuku niliyekutumia. Nafsi haikuguswa wala wakati. Kilichobadilika ni silabi moja katikati ya kitenzi, nayo imebadilika kwa amri ya nomino iliyotajwa kabla. Kiunganishi hakina tabia hiyo. Na, au, lakini, kwa sababu, yote hayo hukaa nje ya kitenzi na hayajali ngeli ya kitu chochote: mzigo na viatu, hela lakini picha. Yanaunga pande mbili na kuishia hapo. Silabi yetu haiungi kwa maana hiyo. Inamrudisha msikilizaji kwenye nomino aliyokwisha kuisikia. Rejesha ndicho kitenzi kinachofaa, na kirejeshi ni jina lililotulia. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiingereza kuhusu Kiswahili ya mwaka 1944, aliiona kazi hii ya kurejelea akaihusisha na -o, na vitabu vya shule vya Kenya hadi leo husema o-rejeshi. Mimi napendelea kirejeshi, kwa kuwa silabi hiyo haiishii na -o kila mara: kuku amedai -ye, kama mtu.

Sasa tukitazame Kiingereza cha kila siku, maana huko ndiko kiunganishi kinakodaiwa kutoka. Mwingereza au Mmarekani anayeuliza swali lile kwa simu husema “the money I sent you”, na kati ya hela na mimi hakuna neno lolote. Neno “that” linaweza kuwekwa, ila katika mazungumzo mara nyingi huachwa, na hakuna anayepotea. Sababu haiko mbali: “I” ni umbo la mtenda peke yake, hivyo linapofuata nomino bila kituo, sikio linajua kwamba kishazi kipya kimeanza. Nafsi ya kwanza inajitangaza yenyewe. Nomino inapokuwa ndiyo mtenda, kama mtu aliyekuja, Kiingereza sanifu hakiruhusu kuacha kiungo, kwa sababu hakuna cha kumwonyesha msikilizaji mpaka. Kwa hiyo hata huko, kinachoitwa kiunganishi ni kitu cha hiari katika sentensi za aina tunayozungumzia.

Kiswahili sanifu hakina hiari hiyo, na hapa ndipo ushahidi ulipo mzito kuliko pengine pote. Ondoa -yo- useme: “Hela nilikutumia.” Sentensi imekamilika. Ina maana kwamba habari ya hela usiniulize, nilishatuma. Rudisha silabi ile: “Hela niliyokutumia...” na msikilizaji anabaki anasubiri: imefanya nini? Imefika, imepotea, haikutosha? Silabi moja imegeuza dai zima kuwa sehemu ya jina la kitu. Kitenzi chetu kinabeba nafsi ndani yake, kwa hiyo ni- haiwezi kumwonyesha msikilizaji mpaka kama “I” inavyoweza; inaweza kufungua sentensi huru au kishazi tegemezi vilevile. Kirejeshi ndicho kinachoamua. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kiungo ni neno la kando linaloweza kuachwa hatajua kwa nini sentensi yake ya kwanza imekuwa dai na si jina.

Kuna hasara nyingine, na hii huonekana wazi zaidi kwenye insha na hata kwenye taarifa za habari. “That” ya Kiingereza ina kazi mbili ambazo kwetu zina maneno mawili. Habari niliyoisikia ni habari yenyewe, iliyofika sikioni mwangu. Habari kwamba nimeshinda ni maudhui ya habari. Ushindi ndio habari. Jaribio la kuzitenganisha liko kwenye ngeli: habari niliyoisikia, maneno niliyoyasikia, jambo nililolisikia, kiungo kinageuka kila nomino inapogeuka, lakini habari kwamba nimeshinda, madai kwamba nimeshinda, wazo kwamba nimeshinda, neno halisogei. Kwamba ni kiunganishi halali, hakijali ngeli, kinakaa nje. Kirejeshi ni kitu cha nasaba nyingine. Ukiviita vyote viwili kiunganishi, umempa mwanafunzi ruhusa ya kuandika “habari kwamba niliisikia”, naye ataandika, kwa sababu kila kimoja kati ya viwili hivyo kimetafsiri neno lilelile.

Mwenye kupinga atasema: mbona amba- inasimama peke yake, nje ya kitenzi, kama kiunganishi kingine chochote? Pingamizi hili lina nguvu, na siwezi kulipuuza, kwa kuwa kuna mahali ambapo amba- haikwepeki. Kirejeshi cha katikati hukubali -na-, -li- na -taka-, na katika ukanushi -si-, hakikubali -me-. Hela niliyokutumia, ninayokutumia, nitakayokutumia, zote sawa. Lakini anayetaka kusema kwamba tendo limetimia hana budi kusema hela ambayo nimekutumia. Hapo amba- ina kazi yake ya haki. Ila itazame vizuri: hela ambayo, mzigo ambao, viatu ambavyo, picha ambazo. Silabi ileile imeganda mwishoni mwake, inatii ngeli ileile. Amba- yenyewe asili yake ni kitenzi cha kale cha kusema, ndugu wa huyo kwamba tuliyemtaja. Kitenzi kimoja kimekataa kubeba kirejeshi, kingine kimeitwa kikibebe. Hakuna kiunganishi kilichoingia. Na pale ambapo kitenzi kikuu kinaweza kukibeba, kumwita mbebaji mwingine ni kurefusha sentensi bure. “Kitabu ambacho nilikinunua” si kosa, lakini ukurasa mzima wa namna hiyo unanuka tafsiri.

Wakazi wa Ngarenaro wana ushahidi mwingine miguuni mwao. Jina la kata yao ni la Kimaa, lugha ya Wamaasai na Waarusha: enkare ni maji, na narok ni yaliyo meusi. Hiyo na- ya mwanzo ni kirejeshi cha nomino za kike. Nomino za kiume huchukua o-, ndiyo maana mlima unaosimama juu ya Namanga ukaitwa Ol Doinyo Orok, mlima ulio mweusi. Ngarenanyuki, kwenye miteremko ya Mlima Meru, imejengwa kwa na- hiyohiyo, na Nairobi pia. Tucker na Mpaayei walivieleza viambishi hivi katika sarufi yao ya Kimaasai ya mwaka 1955. Kimaa si lugha ya Kibantu, lakini kwa jambo hili kinakaa upande wetu: kiungo kimeshonwa ndani ya neno na kinatii jinsi ya nomino. Mtoto wa Kiarusha anayejifunza Kiswahili sanifu hana haja ya kupitishwa Uingereza ili aelewe yaliyo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wasemaji wenyewe. Mitaani Nairobi husikika “kitabu nilinunua jana” pasipo kirejeshi, au “kitabu yenye nilinunua”. Mashariki ya Kongo nako mwenye na yenye hufanya kazi hiyo. Je, watu hao si Waswahili? Ni wasemaji halali, na lugha yao ina kanuni zake zinazostahili kuchunguzwa kwa heshima. Pale ambapo yenye imeganda na haigeuki tena kwa nomino yoyote, mtaalamu ana haki ya kuiita kiunganishi, kwa sababu imekuwa hivyo. Istilahi hufuata umbo. Ndiyo maana haiwezi kutumika kulificha umbo tofauti la Kiswahili sanifu, kinachotahiniwa shuleni na kilichokabidhiwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967.

Nafsi ya kwanza inatoa ushahidi mmoja wa ziada, mfupi. “Ni mimi niliyekuja” ina ni- ya msemaji na -ye ya mtu yeyote, bega kwa bega ndani ya kitenzi kimoja, wala hazigombani. Wanaosema Kiingereza hubishana hadi leo kama kitenzi baada ya “I who” kifuate mimi au kifuate yeye. Kwetu ubishi huo haupo, kwa kuwa nafsi na rejeo vina vyumba viwili tofauti, na neno kiunganishi halina uwezo wa kuvionyesha.

Walimu wa sekondari za Arusha na wahariri wa vitabu vya kiada nawaomba jambo moja: viunganishi viacheni kwa na, au, lakini na kwamba, silabi inayorejea nomino iiteni kirejeshi, sentensi yake iwe kishazi rejeshi, na mwanafunzi afundishwe nilichonunua kabla ya ambacho nimenunua.