Kuiwahi Saratani ya Mlango wa Kizazi: Kutoka Verona hadi Zahanati Zetu

Mwaka 1842, tabibu wa Kiitaliano Domenico Rigoni-Stern alitangaza aliyoyakuta katika kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona, za kuanzia 1760 hadi 1839. Saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, ilhali kwa watawa wa kike ilikuwa adimu. Fununu kwamba chanzo chake kiliambatana na kujamiiana ilipatikana mapema hivyo, lakini haikumwokoa mgonjwa yeyote. Wanawake walifika kwa daktari damu ikiwa tayari inawatoka, na wakati huo kisu mara nyingi hakikufua dafu.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyofungua ukurasa mpya. Mwaka 1925, Hans Hinselmann wa Hamburg alibuni kolposkopu, chombo cha kukuza taswira ya mlango wa kizazi. Januari 1928, Mgiriki George Papanicolaou, aliyefanya kazi New York, alieleza kwamba seli za saratani zaweza kuonekana kwa darubini katika ute wa ukeni. Aurel Babeș wa Romania alikuwa amefikia jambo kama hilo mwaka mmoja kabla. Wataalamu wengi walilipuuza, mpaka Papanicolaou na Herbert Traut walipochapisha ushahidi wao mwaka 1941. Thamani ya kipimo hicho cha ute ilitokana na tabia ya ugonjwa wenyewe: huchukua miaka mingi, kwa kawaida zaidi ya 10, tangu seli zianze kubadilika hadi saratani ikomae. Seli hizo zikiondolewa mapema, saratani haitokei.

Hata hivyo, kipimo peke yake hakikutosha. Uingereza ilikitumia tangu miaka ya 1960 bila mpangilio, na vifo havikupungua ipasavyo hadi 1988, ulipoanza utaratibu wa kuwaita wanawake wote kwa rejista na kuwafuatilia. Finland ilikuwa imeanza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1963.

Mwaka 1983, Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walitambua kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya saratani hiyo, kisha aina ya 18. Kwa kuwa kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, kitendawili cha Verona kikateguka. Vipimo vya vinasaba vya kirusi vikafuata, na chanjo mwaka 2006.

Afrika haikuwa na maabara wala wasomaji wa slaidi wa kutosha, na kwa miongo mingi maarifa hayo yakapita mbali na mama wa kijijini. Suluhisho lilikuwa siki. Utafiti uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wauguzi wakunga, wakipaka asidi ya siki na kutazama kwa macho, waliweza kuona seli zilizobadilika zikigeuka nyeupe. Palipo na vifaa, matibabu ya kugandisha seli hizo hufanyika siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hakuna hatua iliyowafaa wanawake wetu zaidi ya hiyo.

Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, lakini mama zao hawakupata kinga hiyo, na saratani hii bado inaongoza miongoni mwa wanawake nchini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba kiwe cha kwanza, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Mwanamke aliyefikisha miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na VVU, aende akapimwe akiwa mzima, asisubiri damu.