Ndewe za Masikio katika Njia ya Tura

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji, kisha ikaivuka nyika ya Mgunda Mkali. Ng'ambo ya nyika hiyo, makazi ya kwanza ya Unyamwezi yalikuwa Tura. Richard Burton alipita huko mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Wote wawili waliandika habari za masikio ya Wagogo.

Burton alieleza kuwa Mgogo alitambulika kwa kung'olewa meno mawili ya mbele ya chini, lakini zaidi kwa ndewe zake ndefu. Desturi hiyo ilianza utotoni. Sikio lilitogwa, tundu likatiwa kijiti, kisha kitu kinene zaidi, mwaka hata mwaka, mpaka ndewe ikaning'inia. Humo mtu alitia mapambo, hata kibuyu kidogo cha tumbaku. Wageni walistaajabu, bali kwa wenyewe lilikuwa pambo na alama ya watu wao.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Shule, jeshi na kazi ya mshahara vilileta kipimo kingine cha uzuri, na pambo la jana likawa aibu ya leo. Katika Afrika Mashariki, hasa Kenya walikokuwako Wakikuyu na Wamasai wenye desturi kama hiyo, wengi walikwenda hospitali kushonwa ndewe. Wala ufundi huo si mpya: maandishi ya kale ya Uhindi, yanayonasibishwa na tabibu Sushruta, yanataja njia 15 za kuunga ndewe.

Tundu lililokwisha kupona halizibiki kwa sindano na uzi tu, maana kingo zake zimefunikwa ngozi, na ngozi nzima haishikani na ngozi nzima. Daktari hulitia sikio ganzi, huondoa ngozi ya kingo mpaka nyama mbichi itokeze, hupunguza kilichozidi, ndipo hushona. Ndewe huungana, lakini kovu hubaki.

Aliyeshonwa hakuwasaliti wazee wake, wala aliyeacha ndewe zake si mshamba. Kosa ni kumfundisha mtu kuuonea haya mwili aliopambwa na mama yake. Basi walimu na wanafunzi wawaendee wazee wangali hai, wawaulize ni nani aliyewatoga, na kwa sababu gani.