Jicho la Gen: Ushuhuda na Ubunifu katika Kazi ya Keiji Nakazawa

Ni desturi kumchukulia Keiji Nakazawa (1939–2012), mtunzi wa manga, yaani hadithi za vibonzo za Kijapani, kuwa shahidi kwanza na msanii baadaye. Makala haya yanadai kuwa desturi hiyo imeidhulumu kazi yake kuu.

Nakazawa alizaliwa Hiroshima. Mnamo Agosti 6, 1945, akiwa na umri wa miaka 6, ukuta wa shule ulimkinga na mwako wa bomu la atomiki. Baba, dada na mdogo wake wa kiume walifia nyumbani. Alihamia Tokyo mwaka 1961 kufuata uchoraji, na kwa miaka kadhaa hakuligusia bomu hilo. Kilichomgeuza ni kifo cha mamake mwaka 1966: maiti ilipochomwa, haikusalia mifupa ya kuokotwa kama mila ilivyotaka, naye akaamini kuwa mionzi ndiyo iliyoila. Hadithi yake ya kwanza kuhusu bomu ilikataliwa na wachapishaji wakubwa, ikatoka mwaka 1968 katika jarida la watu wazima. Mwaka 1972 alichapisha tawasifu fupi, na mwaka 1973 akaanza Hadashi no Gen (Gen wa Miguu Mitupu) katika jarida la wavulana.

Katika kazi hii, Gen anawaona baba, dada na nduguye wakiteketea chini ya nyumba iliyoporomoka. Nakazawa mwenyewe hakuwepo. Alisimuliwa na mamake. Msanii, basi, amelihamisha jicho. Aliyesimuliwa msiba wa nyumbani kwao hubeba picha ambazo hakuziona lakini hawezi kuzisahau. Kwa kumsimamisha Gen mahali pale, Nakazawa aliyageuza masimulizi ya mama kuwa macho ya mwana. Hapo ndipo fani inapobeba ukweli ambao tawasifu peke yake isingeweza kuubeba. Hata mtindo wa uchoraji unahusika: mistari ileile ya mzaha inayochora utani wa watoto ndiyo inayochora ngozi zinazoning'inia mikononi mwa majeruhi.

Kuanzia mwaka 1976, watu wa kujitolea waliitafsiri kazi hii kwa Kiingereza, na msanii wa Marekani Art Spiegelman akaiandikia utangulizi. Nyumbani, hata hivyo, ilizua mabishano. Mnamo Desemba 2012, wasimamizi wa elimu wa mji wa Matsue waliziagiza shule ziizuie maktabani kwa sababu ya picha za ukatili wa askari wa Japani. Agizo likaondolewa Agosti 2013. Mwaka 2023, Hiroshima yenyewe iliiondoa katika vitabu vyake vya mafunzo ya amani, kwa hoja kwamba dondoo fupi haliwasilishi uhalisia wa maafa.

Maamuzi yote mawili yaliichukulia kazi hii kama rundo la vielelezo, kila kimoja kikipimwa peke yake. Ikisomwa kama usimulizi, hakuna picha inayoweza kutengwa na jicho la mtoto anayetazama. Mhakiki anayemwita Nakazawa shahidi tu anawaandalia njia wale wanaotaka kuchagua ni kipi ashuhudie.